Kikundi kina wauguzi 38, wanaoandika ni 5

Swali: Mimi ni muuguzi katika hospitali ya kaunti ndogo, nje kidogo ya Kisumu, na nimepewa kazi ya kusimamia mafunzo endelevu. Tulifungua kikundi cha WhatsApp cha kujifunzia, tukaongeza hati ya Google ili tuandike miongozo ya wodi kwa pamoja, na kila Alhamisi saa mbili usiku tuna kikao cha Zoom. Tuko 38. Wanaoandika ni 5, haohao kila siku. Hati haijaguswa. Zoom huanza na watu 14 na kuisha na 6. Mkuu wetu anasema wauguzi wenye umri mkubwa wanaogopa teknolojia, kwa hivyo tuwatafutie mafunzo ya kompyuta. Je, shida ni hiyo kweli?

Jibu: Sista, mafunzo ya kompyuta hayatamdhuru mtu, lakini hayataigusa shida uliyo nayo. Wote 38 tayari wamo ndani ya WhatsApp. Wanaitumia kuchangia mazishi, kuendesha chama, kubadilishana zamu na kutafuta mtu wa kuwashikia usiku. Vitufe wanavijua. Wanachofanya, kila mmoja kimoyomoyo, ni hesabu: nikishiriki hapa natoa nini na napata nini? Anatoa bando, anatoa usingizi, na anajiweka mahali anapoweza kuonekana hajui. Anachopata ni PDF. Kwa hesabu hiyo kunyamaza ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na kazi yako ni kuibadilisha hesabu yenyewe.

Watafiti wamelichambua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Fred Davis, wa Marekani, alitenganisha mambo mawili yanayomfanya mfanyakazi akubali zana mpya: anavyoona itamfaa kazini, na anavyoona ni nyepesi kutumia. Alichokuta ni kwamba manufaa yana uzito mkubwa kuliko wepesi. Watu huvumilia zana ngumu inayowafaa, na nyepesi isiyowafaa huiacha. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake, Davis akiwemo, waliunganisha nadharia nane za aina hiyo wakaongeza mambo mengine mawili: kama watu wenye uzito kwako wanatarajia uitumie, na kama mazingira yanakuruhusu, yaani kifaa, mtandao, muda na mtu wa kukusaidia unapokwama. Umri na uzoefu huingia kama vitu vinavyoongeza au kupunguza nguvu ya hayo manne. Haviingii kama sababu inayojisimamia.

Kwa hivyo mwambie mkuu wako, kwa heshima, kwamba Kenya ina ushahidi wake wa siku nyingi. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture, walianzisha masomo ya kompyuta ya kuwatoa wauguzi wa ngazi ya cheti hadi diploma. Maelfu walijiandikisha, wengi wakiwa na miaka mingi kazini na hawajawahi kushika kipanya. Walijifunza, kwa sababu mwishoni palikuwa na cheo kipya, na masomo yalifuatwa bila kuacha kazi. Manufaa yakiwa wazi, umri hupoteza nguvu.

Nikuonye pia kuhusu hojaji. Tafiti nyingi za eneo hili humuuliza mtu kama *ananuia* kutumia zana, basi. Ukiwauliza wauguzi wako leo kama wanataka kujifunza mtandaoni, karibu wote watakujibu ndiyo, tena kwa dhati. Usipange lolote kwa kutegemea jibu hilo. Angalia wanachofanya.

Bando, chaji na saa mbili usiku

Tuanze na Zoom, maana hapo sababu zinaonekana kwa macho. Saa mbili usiku aliye zamu ya usiku ndiyo kwanza ametoka kupokea ripoti na anazungusha dawa. Aliyetoka zamu ya mchana yuko jikoni au anasaidia watoto na kazi za shule. Kisha angalia muda: akaunti ya bure ya Zoom hukata kikao kikifika dakika 40. Kama mnatumia ya bure, wengi kati ya wale 8 wanaopotea hawakuondoka. Walitolewa, na kurudi kulihitaji linki, mtandao na moyo. Google Meet ya bure huwapa dakika 60, lakini tatizo halitaisha kwa kuongeza dakika 20.

Bando ni jambo la pili. Kikao cha video cha watu wengi kinaweza kula MB 800 au zaidi kwa saa moja. Sauti peke yake haifiki MB 100. Wi-Fi ya hospitali, pale ilipo, mara nyingi inashika vizuri kwenye ofisi za utawala na kufifia kabla ya kufika wodini, kwa hivyo anayelipa ni muuguzi mwenyewe. Vivyo hivyo kwa nyaraka: mwongozo wa MB 12 ukifunguliwa na watu 38 ni MB 456 zilizotoka mifukoni mwao. Picha ya ukurasa mmoja unaohitajika, WhatsApp ikishaibana, kwa kawaida haifiki hata nusu MB. Sauti iliyorekodiwa ya dakika 2 ni ndogo vilevile.

Ningekuwa na uamuzi, kikao cha Alhamisi ningekifunga kwa sasa. Kama kuna mgeni wa maana, kwa mfano daktari bingwa kutoka hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, mkaribishe mara moja kwa mwezi, saa nane mchana zamu zinapoingiliana, kwenye simu au laptopu moja iliyo na spika, watu wakiwa pamoja chumbani. Kamera zizimwe isipokuwa ya mgeni. Aliye nyumbani asikilize sauti tu.

Usisahau chaji. Zamu ni ndefu, umeme hukatika, na soketi ya meza ya wauguzi inagombewa na mashine. Muuguzi mwenye asilimia 15 ya betri ataitunza kwa ajili ya kuita gari la rufaa na kwa ajili ya nyumbani, na yuko sahihi. Soketi ya ziada yenye matundu manne, iliyowekwa kwa ajili ya simu na mbali na sinki, itakupa washiriki wengi kuliko semina ya siku mbili.

Aibu ndiyo kikwazo kikubwa

Hapa ndipo ningekaa zaidi, maana ndipo vikundi vingi vya wauguzi hufia.

Fikiria muuguzi wa wodi ya kina mama anayetaka kuuliza kipimo cha magnesi salfeti, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba. Ndani ya kikundi yumo matroni, yumo inchaji wake, yaani muuguzi msimamizi wa zamu, yumo afisa wa kliniki, na wamo wanafunzi wa chuo cha tiba cha KMTC anaowafundisha mchana. Akiuliza, 37 wataona kwamba hakujua. Akiuliza kwa Kiingereza, wataona na makosa ya sarufi pia. Maandishi hayafutiki kama neno la mdomoni: mtu anaweza kuyapiga picha na kuyatoa siku ya mzozo. Basi anamuuliza rafiki yake kisirisiri. Anapata jibu, labda sahihi, na kikundi kinabaki kimya.

Mwaka 1996 Amy Edmondson alichapisha utafiti wa makosa ya dawa katika hospitali za Marekani, akakuta wodi zenye uongozi mzuri *ziliripoti* makosa mengi zaidi. Sababu yenye mantiki ni kwamba huko watu waliweza kusema. Kikundi chako kinahitaji hali hiyohiyo, na haiji kwa kutangaza kwamba hakuna swali la kijinga. Huja kwa mambo matatu unayoweza kuyafanya wiki hii.

Kwanza, gawa kikundi. Kimoja kiwe cha matangazo: rota, mikutano, barua za kaunti. Kiwekwe kwamba maadmini pekee ndio wanaoandika. Kingine kiwe cha kujifunza, chenye watu 8 hadi 12 wa wodi moja, wakiwemo wa usiku. Watu 12 wanaofahamiana huulizana, ilhali 38 husubiriana. Viongozi wa juu wasiwemo humo. Inchaji awemo, kwa masharti yanayofuata.

Pili, inchaji ndiye awe wa kwanza kukiri. Siku ya kwanza aandike jambo ambalo yeye mwenyewe alilazimika kulitafuta kitabuni wiki iliyopita. Hakuna anayeweza kumfanyia kazi hiyo. Venkatesh na wenzake walikuta kwamba uzito wa watu wengine hufanya kazi zaidi pale zana inapodaiwa na kazi, na mwanzoni kabla mtu hajazoea. Wodini kwetu mtu mwenye uzito huo ni inchaji wa zamu, kuliko hata mkuu wa hospitali.

Tatu, ruhusu lugha yoyote na sauti. Dozi na majina ya dawa yaandikwe kwa usahihi. Maelezo mengine yaje kwa Kiswahili, Kidholuo au mchanganyiko wa kawaida wa zamu. Ubaya wa sauti ni kwamba huwezi kuitafuta baada ya wiki mbili, kwa hivyo lazima awepo mwandishi anayeifupisha kwa mistari mitatu.

Angalizo kuhusu kura za WhatsApp: wengi hudhani ni za siri. Si za siri. Ukigusa matokeo unaona nani alichagua nini. Ukitaka watu wajibu swali la kitabibu bila kuonekana, tumia fomu ya Google, zima ukusanyaji wa barua pepe, na usiweke kikomo cha jibu moja kwa mtu, maana kikomo hicho humlazimisha mtu kuingia kwa akaunti yake ya Google.

Kwa nini hati haijaguswa

Muuguzi anagusa linki kwenye simu. Kama uliiacha hati katika hali ya kawaida, yaani imefungwa, anaambiwa aombe ruhusa, na ombi linaingia kwenye barua pepe yako unayoifungua kesho kutwa. Kama uliifungua, simu inamwambia apakue programu ya kuandikia. Akipakua, anadaiwa akaunti na paswadi ambayo alitengenezewa na kijana wa duka la simu miaka mitatu iliyopita. Amefika hatua ya tatu na bado hajaandika neno. Na hata akifaulu kuingia, anakuta ukurasa mweupe. Ukurasa mweupe wa kuandikia pamoja hubaki mweupe, hata kwa maprofesa.

Badala yake hati iwe na waandishi wawili tu, wanaobadilishana kila mwezi. Wengine wachangie WhatsApp, na mwandishi achukue kilichokubaliwa akitie kwenye hati. Hati yenyewe iwe jedwali lililojazwa nusu: safu ya dalili imejaa, safu ya hatua imejaa, safu ya tatu yenye kichwa *Kwetu kiko wapi, nani ana funguo* iko tupu. Watu huona ni rahisi kujaza pengo kuliko kuanza ukurasa.

Safu hiyo ya tatu ndiyo moyo wa kujifunza pamoja. Miongozo ya kitaifa imeshaandikwa na wataalamu, na hamna haja ya kuiandika upya. Kisichoandikwa popote ni jinsi mwongozo huo unavyotembea katika jengo lenu, usiku, mkiwa wawili.

Wiki moja inavyokwenda

Chukua kuvuja damu baada ya kujifungua. Jumatatu saa nne, wakati wa chai, mwezeshaji, yaani anayeongoza mjadala, anatuma tukio lililotungwa kwa mistari mitano, bila mgonjwa halisi: *Mama wa mimba ya nne amejifungua dakika 20 zilizopita. Kondo limetoka lote. Mfuko wa kupimia damu unaonyesha mililita 350 na bado inatiririka. Mpigo 112, presha 98/60. Uko na mwanafunzi mmoja. Dakika 5 za kwanza unafanya nini, kwa mpangilio gani?*

Swali zuri lina sifa tatu: linajibika kwa sentensi mbili, lina uamuzi ndani yake, na halina jibu la kunakili kutoka mtandaoni. Ukiuliza *taja visababishi vya kuvuja damu* utapata orodha iliyonakiliwa na mazungumzo yataishia hapo.

Jumanne na Jumatano watu wanajibu, kila zamu kwa wakati wake. Mwezeshaji asijibu mapema, maana jibu la mkubwa likitoka wadogo hunyamaza. Kama saa 24 zimepita kimya, asirudie swali kwa wote. Amwandikie mtu mmoja faraghani: *Akinyi, wiki iliyopita ulikuwa leba usiku, ungeanza na nini?* Kisha amwombe ruhusa ya kuliweka jibu lake kikundini.

Alhamisi anafunga kwa ushahidi. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba kupima damu kwa mfuko wenye alama, kisha kutoa matibabu kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine, kulipunguza uvujaji mkali kwa asilimia 60. Humo damu ya mililita 300 pamoja na kipimo kisicho cha kawaida cha mama, kama mpigo au presha, ilitosha kuanza, bila kungoja 500. Mfuko wa uzazi unasuguliwa, oksitosini ya kuukaza inatolewa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu kuganda, gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, maji ya dripu, kibofu kinatolewa mkojo, mama anakaguliwa alikochanika, na msaada unaitwa.

Hapo ndipo mtu wa usiku atauliza: hiyo traneksamiki iko wapi saa tisa usiku? Mmoja atasema ipo kwenye boksi la dharura la leba. Wa pili atasema iliisha, siku hizi iko famasia. Wa tatu atasema famasia hufungwa na funguo anazo mtu anayelala nje. Mafunzo yoyote ya mtandaoni kutoka Nairobi au Geneva hayawezi kuwafikisha kwenye mazungumzo hayo. Ijumaa mwandishi anajaza safu ya tatu, inchaji anasaini ombi la ampuli mbili za kukaa leba, na ukurasa unachapwa na kubandikwa juu ya meza ya kujifungulia.

Muuguzi akiona swali lake limeleta dawa kwenye boksi, zile hesabu zake zinageuka. Hayo ndiyo manufaa aliyoyasema Davis, yakiwa kwenye rafu ya leba.

Simu mkononi, siri ya mgonjwa, na saa za leseni

Mgonjwa akimwona muuguzi ana simu, hudhani anapiga soga, na malalamiko hufika kwa matroni. Inchaji atamke wazi kwamba kusoma kikundi ni wakati wa chai na baada ya ripoti, katika chumba cha wauguzi, na simu ipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kurudi wodini. Bila tamko hilo, walio waangalifu zaidi ndio watakaokaa mbali.

Kuhusu siri, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kufuta jina hakutoshi. *Binti wa miaka 15 wa kijiji fulani aliyejifungua mapacha jana* anatambulika na kijiji kizima. Tumia matukio ya kutunga, badilisha umri na siku. Kama lazima kuwe na picha, pata idhini ya mgonjwa na ya hospitali, funika jina, namba ya faili, uso na tatuu kabla ya kupiga, maana picha ikishapigwa simu nyingi huipeleka zenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Admini anaweza kuufuta ujumbe wa mtu mwingine kikundini, lakini nakala iliyokwisha kuingia kwenye gala za wengine huenda ikabaki.

Kisha kuna leseni. Baraza la Wauguzi linadai saa za mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni, na muuguzi aliyechoka atachagua somo linalompa saa kuliko lisilompa. Zungumza na mtoaji wa mafunzo aliyeidhinishwa na Baraza ili mijadala yenu ihesabiwe. Ila usitoe saa kwa kuandika *nipo*. Utajaza kikundi na *nipo* 38. Toa kwa jibu moja lenye sababu na jedwali moja lililojazwa.

Wiki sita

Anza na wodi moja, wiki sita, matukio sita. Usihesabu ujumbe, watano wako wataujaza peke yao. Hesabu ni watu wangapi tofauti wameandika au kutuma sauti angalau mara mbili, ni maswali mangapi yaliyoulizwa na mtu asiye mwezeshaji, na ni mambo mangapi yamebadilika wodini. Kati ya watu 12, wakifika 7 au 8 unaendelea vizuri. Wanaosoma bila kuandika usiwafukuze wala kuwaaibisha: Lave na Wenger walieleza mwaka 1991 kwamba mtu huingia katika jamii ya kazi akianzia pembeni. Utawajua kwa kuwa wanakwenda kwenye boksi bila kuuliza.

Kama wiki ya tatu hakuna swali hata moja lililotoka kwao, usibadilishe programu. Rudi kwa inchaji uangalie alichoandika siku ya kwanza. Kama wanauliza lakini usiku kimya, shida ni chaji au bando, na hapo GB moja ya wiki kwa simu ya wodi ni ombi dogo la kumpelekea mkuu wako badala ya mwalimu wa kompyuta. Kama wanajibu lakini safu ya tatu bado ni tupu, matukio yako yametoka kitabuni. Kaa zamu moja ya usiku leba, uandike kila kitu ambacho mtu alikitafuta kwa zaidi ya dakika 2, na tukio la Jumatatu litoke humo.